Diski Mbili, Mlango Mmoja

Kila asubuhi Kamikazi hufungua studio yao ya picha pale Kabuga. Hufuta kaunta na kuchaji betri za kamera. Mume wake, Conrad, hukaa mbele ya kompyuta akihariri video za harusi. Mabibi harusi wa Kabuga nzima wamo ndani ya kompyuta hiyo, pamoja na ng'ombe wao wa mahari na wajomba waliolewa pombe kabla ya keki.

Asubuhi moja alikuja Gwiza, macho mekundu. Aliolewa mwezi uliopita, na wiki hii alikuwa amemzika baba yake.

"Dada Kamikazi," alisema, "Jumapili tunaanua matanga. Naomba ile sehemu ya baba, ile aliyosimama mwenyewe."

Kamikazi aliikumbuka. Siku ya posa baba wa binti hukaa kimya. Msemaji wa familia ndiye anayeongea. Lakini Mzee Bigirimana aliinuka, akamnyang'anya msemaji kipaza sauti, akambariki binti yake. Kadi za kamera zilishafutwa kwa kazi nyingine. Sauti ile ilibaki ndani ya kompyuta tu.

"Kaa, mdogo wangu. Conrad, mfungulie."

Conrad aliwasha kompyuta. Kioo kikabaki cheusi, na maandishi meupe yakatokea: hakuna diski ya kuwashia. Akazima, akawasha tena. Vilevile.

Wakampigia Shyaka, fundi aliyewaundia kompyuta ile. Alifika akitafuna andazi. Alifungua kasha, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Diski iko imekufa, mama. Nafuta yote, naweka mfumo mpya. Jioni mnafanya kazi."

"Unafuta nini?" Kamikazi aliuliza. "Si ulituwekea diski mbili? Si ulisema moja ikifa, nyingine inaendelea?"

"Ya pili nayo haiwaki. Itakuwa imekufa pia."

"Itakuwa? Umeipima?"

Shyaka akamgeukia Conrad. "Bosi, mweleze mama. Haya ni mambo ya kitaalamu."

"Yeye ndiye fundi, Mama Ihirwe," Conrad alimwambia mkewe kwa sauti ndogo. "Tumwache afanye."

Loo! Hasira zilimpanda Kamikazi mpaka masikio yakawaka moto. Mtu anataka kufuta sauti ya marehemu bila hata kupima, halafu yeye ndiye aelezwe! Na Gwiza amesimama palepale, ncha ya kitenge mdomoni, anasikia kila neno. Kamikazi akachomoa waya wa umeme, akaweka mkono juu ya kasha.

"Hapa hafuti mtu kitu. Ukigusa, Shyaka, tutakosana vibaya. Conrad, kamwite Mwalimu Aneth."

Aneth ni jirani yao, Mtanzania wa Bukoba. Anafundisha kompyuta katika chuo cha ufundi. Alikuja na flashi yenye mfumo wa dharura, akaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, akasoma kioo kwa muda.

"Diski ya kwanza kweli imekufa," alisema. "Ya pili ni nzima. Mafaili yote yamo."

Gwiza aliketi kwenye kiti kwa kishindo.

"Sasa mbona haiwaki?" Kamikazi aliuliza.

"Fikiria nyumba mbili zenye vitu vilevile. Lakini mlango umewekwa kwenye moja tu. Hiyo moja ikibomoka, utaingiaje kwenye nyingine? Mlango huo ni programu ndogo inayoiamsha kompyuta. Inakaa mwanzoni mwa diski, nje ya sehemu inayonakiliwa. Haijinakili yenyewe. Lazima fundi aiweke kwenye diski zote mbili."

Wote wakamtazama Shyaka.

"Nawekaga kwa ya kwanza tu," alisema. "Inawakaga."

"Inawakaga mpaka siku ya kufa!" Kamikazi alifoka. "Na diski ya pili tuliinunua kwa ajili ya siku hiyohiyo! Umelipua kazi, kisha ukataka kutufutia kila kitu!"

"Tukarabati?" Conrad aliuliza.

"Kwanza tunanakili," Aneth alijibu. "Ukarabati baadaye."

Akanakili video ya Gwiza kwenye diski ndogo ya nje ya kumpa, akaicheza kidogo. Sauti ya mzee ikajaa studio: "Mimi si msemaji. Gwiza, nenda salama. Ukichoka, rudi nyumbani. Hatutakuuliza kitu."

Gwiza alilia wazi, na Kamikazi naye akalia, huku bado amekasirika. Gwiza akaondoka na baba yake mkobani.

Aneth akaweka programu ya kuamshia kwenye diski nzima. Kompyuta ikaamka bila flashi. Mchana Shyaka alileta diski mpya. Aneth akaiunganisha, wakasubiri mpaka ya zamani ijinakili yote humo. Kisha akaweka programu ileile kwenye diski mpya pia. Kamikazi alisimama begani pake, akiuliza kila hatua.

"Sasa tujaribu," Aneth alisema.

"Tujaribu nini? Si inawaka?" Conrad alishangaa.

"Ndivyo mlivyoamini mara ya kwanza, shemeji."

Walizima, wakachomoa diski moja, wakawasha. Ikaamka. Wakazima, wakairudisha, wakaiunganisha upya, wakasubiri zilingane. Ndipo wakachomoa ile nyingine. Ikaamka pia. Nayo wakairudisha, wakasubiri tena.

"Msiruke kusubiri zilingane," Aneth alionya. "Na diski mbili si akiba. Ukifuta video kwa makosa, inafutika kote. Mwizi akibeba kasha, amebeba zote. Wekeni nakala nyumbani."

Shyaka alifunga mkoba wake taratibu. "Nisamehe, mama. Rwose, kweli kabisa, sikujua."

"Nimekusamehe. Nani wengine umewafungia hivi?"

Shyaka alijifanya anakagua zipu ya mkoba.

"Shyaka, nakuuliza kwa adabu, na adabu yangu inaisha."

"Kuna studio moja ya Kinyinya. Na zahanati, kule Gatsata."

"Zahanati! Yenye mafaili ya wagonjwa! Wanajua?"

"Hapana. Inawakaga vizuri."

Kamikazi alichukua pochi yake, akavaa viatu.

"Conrad, baki na wateja. Shyaka, tangulia. Tunaanza na zahanati."