Waya wa Pasi ya Oryem

Kila asubuhi Oryem alipiga pasi sare ya mkewe. Aciro ni polisi, na polisi hatoki na mikunjo. Majirani zao wa mtaa wa Nakawa walimtania: "Mwanamume mzima na pasi!" Oryem aliwajibu, "Mke wangu akipendeza, aibu iko wapi?"

Waya wa pasi hiyo ulifunikwa kwa uzi uliofumwa. Ulipokatika, Oryem aliutupa, akafunga waya wa taa. Waya huo uligusa uso wa pasi ukayeyuka. Akauviringishia kaveera, ule mfuko mwembamba wa plastiki, akaona amemaliza. Watu husema ajali haina kinga. Hii iliyokuwa njiani ilikuwa nayo, ule waya wa uzi, naye akaitupa.

Asubuhi moja alishika pale penye kaveera. Umeme ukamkamata. Hakuweza kuachia wala kupiga kelele. Aciro alitaka kumvuta, akajizuia. Kwanza alizima swichi ya ukutani. Oryem akaanguka sakafuni.

"Oryem! Bambi, tafadhali, ongea!"

"Niko… Sare yako haijaungua?"

"Sare nini? Mimi nataka wewe!"

Aciro alilia kwa sauti. Oryem hakuwahi kumwona akilia hivyo, na moyo ulimuuma kuliko mkono.

Walikwenda hospitali. Daktari alimpima moyo, akamfunga kidole kilichoungua. Jioni walimwendea jirani yao Umulkheir, mwalimu wa elektroniki.

"Mwalimu, kaveera si plastiki? Na plastiki si inazuia umeme?" aliuliza Oryem.

"Inazuia, lakini hii ni nyembamba mno, na joto linaiyeyusha. Waya wa pasi umefunikwa kwa vitu viwili. Ndani kuna mpira, unazuia umeme. Nje kuna uzi, unaukinga mpira usiungue. Kimoja peke yake hakitoshi."

"Kumbe wameoana!"

Umulkheir akacheka. Akaleta ubao wa kijani uliotoka ndani ya redio.

"Na huu pia ni mchanganyiko. Nyuzi za kioo zimeshikwa na gundi ngumu. Kioo kinaupa nguvu, gundi inashikanisha. Vyote viwili vinazuia umeme, kwa hiyo umeme unafuata njia hizi za shaba tu. Hata ndani ya simu yako ni hivi. Sasa sikia, Oryem. Waya ukichubuka, usiuzibe. Zima swichi, chomoa, mpe fundi abadilishe wote, aweke waya wa pasi."

"Nimesikia, Mwalimu."

Kesho yake Aciro alikwenda kazini na mikunjo. Mkubwa wake alimtazama juu mpaka chini.

"Konstebo, pasi imekufa?"

"Ndiyo, afande. Lakini mume wangu yuko hai."



Fundi aliweka waya mpya, imara, wenye uzi uliofumwa. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kuchomeka plagi, mume na mke waliukagua wote wawili, mwanzo hadi mwisho. Haukuwa na mchubuko. Oryem alipiga pasi polepole, akamvalisha mkewe shati, akamfunga vifungo. Aciro alichelewa kidogo siku hiyo, kwa sababu hakutaka kuuachia mkono ule wenye kidole kilichofungwa.