Nilimpima Ndugu Yangu kwa Nadharia

Nilikuwa na miaka thelathini na minane, mhadhiri wa uchumi wa kisiasa katika chuo kikuu. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha kwa hesabu jinsi watu wanavyochagua. Kila mwaka niliandika ubaoni: kila mtu hutafuta faida yake.

Baba alipofariki alituachia shamba la Subukia, mimi na mdogo wangu Gitau. Mimi nilishika kalamu, yeye alishika jembe. Nikamwambia tugawane kwa njia ninayofundisha: mmoja akate, mwenzake achague. Mkataji hawezi kupunja, maana hajui ataachiwa kipi.

Gitau akacheka. "Sawa, mwalimu. Mimi nikate, wewe uchague."

Nilipoona vigingi vyake nilishangaa! Upande mmoja ulikuwa mpana, tambarare, hadi barabarani. Wa pili ulikuwa mdogo, mteremko mtupu, na juu yake nyumba ya Gitau na kaburi la mkewe, Wambui. Ni mtu gani hukata hivyo? Nikajiambia hapa pana hila... labda kuna maji chini ya mteremko ule. Nadharia yangu haikuwa na jibu lingine.

Nikachagua ule mdogo.

Gitau akasema ni sawa. Akabomoa nyumba, bati moja moja, akahamia ng'ambo ya vigingi.

Nilichimba kisima. Vumbi tupu! Ndipo mama akaniambia, "Alikukatia kubwa kwa sababu una watoto watano. Yeye alitaka tu kukaa karibu na Wambui."

Hata machozi hayakutoka. Nilikaa tu, chai ikapoa.

Nilimwendea Gitau nimrudishie sehemu ile. Akakataa. "Nikiichukua, utaanza tena kujiuliza nataka nini."

Sasa kila Jumapili hupiga hodi langoni kwangu, kama mgeni kabisa, akiomba ruhusa ya kupalilia kaburi la mkewe. Namfungulia. Hupalilia, kisha huondoka.

Somo lile bado nalifundisha. Wanafunzi huuliza kama ni njia ya haki. Najibu ndiyo, kisha nafuta ubao... Sihisi chochote moyoni.

Wasomaji wenzangu, elimu siilaumu. Lakini nawasihi, kabla hamjamshuku ndugu yenu, muulizeni! "Gitau, mbona umekata hivi?" Maneno manne tu. Nilikuwa na digrii tatu, na sikuyasema.