Faili ya Majina Niliyoificha

Kila Jumamosi, nikishateka maji na kufagia ua, nilikwenda kwenye chumba cha kompyuta cha kanisa letu, hapa Mulekera mjini Beni. Mwalimu Phinées alitufundisha pale Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Mwaka ule watu wa Mbau, kaskazini mwetu, walikuwa wakikimbia vita, nasi tuliandika programu ya kusaidia jamaa waliopotezana. Faili moja, tafuta, ilifanya kazi ya kutafuta. Nyingine, majina, ilibeba orodha ya wakimbizi waliopokelewa makanisani, Beni na mji wa jirani wa Butembo.

Jumamosi moja Mama Emérence aliingia mbiombio. Alipotezana na mwanawe Gracien siku walipokimbia Mbau. Lori la Butembo lilikuwa nje likipakia, naye alitaka kujua kama apande au abaki Beni kumtafuta. Nikaendesha programu. Python ikagoma, ikasema haioni moduli, yaani faili ya kutumia, yoyote inayoitwa majina.

Nilichanganyikiwa kabisa. Juma lililopita tu ilikuwa inafanya kazi! Nikajaribu tena, jibu likawa lilelile. Mwalimu alikagua herufi moja moja, akazima mashine, akaiwasha, bado. Mama Emérence alikuwa anasikiliza injini ya lori.

"Jokébed, iko kitu uligusa hapa?" mwalimu aliniuliza.

"Hapana, mwalimu. Sikugusa kitu."

Loo, nilikuwa nimegusa. Jana yake, risasi ziliposikika, niliingia chumba cha kompyuta nikafanya kama mama yangu anavyofanya na maharage yetu: haweki yote mahali pamoja. Nilihamishia faili ya majina katika dosye, yaani folda, nyingine, ili mtu akiiba mashine asiione upesi. Nilidhani Python ingeifuata tu, maana mashine ni ileile. Sikuelewa kosa liko wapi, na niliogopa kuonekana mjinga.

Lori likapiga honi. Mama Emérence akasimama, akakaza kitenge chake. Roho ikaniuma, nikasema yote.

Mwalimu hakunigombeza. Alinieleza kwamba Python hutafuta moduli kwanza katika dosye ile ilimo faili tunayoiendesha, kisha katika njia chache inazozijua. Haipekui mashine nzima. Akaandika mwanzoni mwa tafuta mstari mmoja wa kuionyesha dosye ile mpya. Nikaendesha, jina likatoka: Kakule Gracien, mtoto wa Emérence, kutoka Mbau, yuko Butembo. Mama Emérence alilia, akaniomba nimsomee mara ya pili, akalikimbilia lori. Alilipata.

Nilibaki nimeinamisha kichwa kwa aibu.

"Kuficha haikuwa mubaya, mwanangu, ulitaka kulinda batu ba kwenye orodha," mwalimu aliniambia. "Lakini mama yako akificha maharagi, anakuambia fasi, mahali yenye iko. Ukificha kitu na kisha unadanganya mwenye anakitafuta, ile kitu umeshaipoteza."