Kadzo Hacheki

Kipaza sauti mkononi mwa mwanamume mwenye maneno ni balaa. Waulize waliokuwa soko la Malindi Jumamosi ile, Kiprop alipokuwa amesimama mbele ya duka la vyombo, shati lake la njano limemganda mgongoni kwa jasho, akiwaita wapita njia mmoja mmoja waje waone sufuria.

"Wewe dada wa nguo nyeusi! Sura nzuri hivyo na umevaa kama uko matangani, nani amekufa? Kama ni mume, pole sana, na mimi niko hapa!"

Soko likaangua kicheko. Dada mwenyewe, Kadzo, karani wa duka la saruji na mabati mtaa wa pili, alikuwa na mfuko wa nyanya mkononi. Alitaka kununa, asiweze. Kicheko kilimtoka kirefu, kitamu, mpaka Kiprop akasahau bei za sufuria. Halafu uso ukambadilika ghafla. Akaivuta leso aliyojifunga kiunoni, akageuka, akatimua mbio katikati ya watu, nyanya mbili zikamdondoka njiani.

"Lo! Jamani!" Kiprop akasema. "Mimi ndiye Mkalenjin, kabila la wanariadha, mbona anayekimbia ni yeye?"

Watu wakacheka tena. Kadzo aliwasikia akiwa kwenye choo cha kulipia nyuma ya soko, mlango ameukomea, anajipangusa huku analia. Maana ukweli ni huu, nami nausema wazi kwa kuwa yeye hakuwa na wa kumwambia: akicheka, mkojo unamtoka. Akikohoa, hivyo hivyo. Akiinua kitu kizito, hivyo hivyo. Miaka minne sasa, tangu amzae Katana wake kwao Ganze baada ya siku mbili za uchungu. Baba mtoto alivumilia mwaka mmoja. Asubuhi moja alimwambia, "Kadzo, wanuka," akachukua begi lake akaenda Mariakani, akaoa huko. Neno hilo lilimkwama kama mwiba wa samaki. Tangu hapo ni nguo nyeusi kila siku, leso juu ya nguo, na leso nyingine ndani ya mkoba. Mama yake alimwambia ndio uzazi, kila mwanamke ana lake. Naye akaamini.

Kiprop alimtafuta duka kwa duka siku tatu. Alipompata aliweka nyanya mbili juu ya meza yake, akaomba radhi, kisha akaomba namba ya simu. Akapewa.

Na kwenye simu, jamani, walipendana hao!

"Umekula nini, kipenzi?"

"Wali wa nazi na mchicha. Na wewe?"

"Ugali na upweke."

"Upweke wapikwa vipi?"

"Haupikwi. Huja umeiva."

Kadzo alicheka mpaka akakaa sakafuni. Yuko chumbani mwake, choo ki hatua tatu, nani wa kumwona? Lakini wakikutana ana kwa ana, anakuwa jiwe. Kiprop akianza mzaha, yeye huuma mdomo, hukunja miguu, huinamia soda yake.

"Kwenye simu uko mwingine kabisa," Kiprop alimwambia siku moja wakiwa hotelini Gede, chapati zinapoa. "Hapa ni kama nimekaa na askari. Unaniona mshamba mbele ya watu, eh?"

"Sivyo, Kip."

"Basi ni nini?"

"Ndivyo nilivyo."

Alijichukia kwa uongo ule njia nzima ya kurudi.

Mwezi wa nane Kiprop akapata kazi ya kusherehesha harusi kubwa mjini Kilifi. Akamnunulia Kadzo gauni la samawati, jepesi, lenye kola ya lasi. "Uvae hili, mpenzi. Ukae meza ya mbele. Nataka watu waone ni nani ananinyima usingizi."

Kadzo alilitandika gauni kitandani akalitazama. Rangi kama ile haifichi kitu. Lakini alimpenda huyu mtu, afanyeje? Akalivaa. Hakunywa hata tone la maji tangu asubuhi.

Siku hiyo Kiprop alikuwa moto. Alimwonyesha kwa kidole mbele ya ukumbi mzima, "Yule pale ndiye Kadzo wangu!" Halafu akaanza. Wageni walishika mbavu, bi harusi akafuta wanja, na Kadzo ameuma meno, macho yake kwenye kitambaa cha meza. Mzee mmoja aliyekwishaonja tembo la mnazi akapaza sauti, "MC, mbona wako hacheki? Kadzo hacheki!"

Ikawa mchezo wa ukumbi. "Kadzo hacheki! Kadzo hacheki!" Kiprop akaja mpaka mezani pake, akapiga magoti, akaanza kumwiga bwana harusi anavyolilia kupunguziwa mahari. Kadzo alihisi kicheko kinapanda, na chini alihisi kile kingine. Akasimama, akajifunika mkoba nyuma ya gauni, akatoka mbio mbele ya watu mia tatu. Kiprop akabaki amepiga magoti, kipaza sauti mkononi, aibu imemjaa mpaka masikioni.

Jioni ile alipiga simu.

"Umeniaibisha, Kadzo."

"Kip, nisikilize."

"Nasikiliza. Sema."

Neno lilifika ulimini likagoma. Mwanamke gani humwambia mwanamume anayempenda kwamba anajikojolea kama mtoto mchanga? Aliona aibu hata ya kupumua.

"Siwezi," akasema.

"Sawa basi," Kiprop akasema, akakata simu. Hakupiga tena.

Wiki tatu baadaye mama yake Kadzo, Mama Zipporah, alishuka kutoka Ganze na goti limevimba. Goti hilo lilitangazwa njia nzima. Kila aliyesalimu alisimuliwa. Kadzo akampeleka hospitali Kilifi, wakaelekezwa chumba cha tiba ya viungo, kwa mwanamke mmoja mchangamfu aitwaye Mwikali. Kazi yake ni kufunza misuli na maungo yaliyogoma.

"Hebu msaidie mama apande kitandani," Mwikali akasema.

Kadzo akamshika mama makwapani, akainua. Akashtuka, akabana mapaja, akaivuta leso. Ni kitendo cha kufumba na kufumbua, lakini Mwikali alikwishaona. Akafunga pazia.

"Na wewe, dada, una miaka mingapi nalo?"

"Nalo lipi?"

"Tatizo la mkojo."

Kadzo alitamani ardhi ipasuke immeze. "Minne," akanong'ona.

"Na goti la mama?"

"Wiki mbili."

"Goti la wiki mbili mmelipandisha gari mpaka hapa. Lako la miaka minne umelifunika leso." Hakusema kwa ukali. "Ukizaa, wiki sita zikapita na mkojo bado unakuponyoka, hapo ndipo pa kuja. Ni jambo la wengi, lakini si jambo la kukaa nalo. Hata leo hujachelewa. Ni misuli imelegea, dada. Si laana wala si uchafu. Misuli hufunzwa."

"Itafunzwaje nayo haionekani?"

"Kaza pale chini, kama unavyozuia upepo usikuponyoke mbele ya mkwe."

Mama Zipporah akaangua kicheko pale kitandani, goti na yote. Mara kicheko kikakatika. Mkono wake ukaenda kwenye leso yake mwenyewe, naye Kadzo akauona.

"Mama?"

"Tangu nikuzae wewe," mama akasema, ametazama ukuta. "Mimi nilidhani ndio uzazi. Nisamehe, mwanangu."

Siku hiyo walipimwa wote wawili. Wakapewa mazoezi ya kukaza, kushikilia na kulegeza, mara tatu kwa siku, na tarehe za kurudi. Miezi mitatu, Mwikali alisema, ndipo mtajua mmefika wapi.

Kadzo akawa anakaza akiwa dukani, anawaandikia watu risiti za misumari. Na nisikufiche, alikuwa na hila moyoni: apone kwanza, ndipo amtafute Kiprop, asihitaji kumwambia lolote maisha yake yote. Lakini wiki ya tano ujumbe ukaingia. "Kesho saa sita narudi kwetu Eldoret. Kazi ya kuchekesha nimeacha. Sikutaka uambiwe na watu." Kadzo akamwomba waonane kabla ya basi kuondoka.

Kesho yake alimkuta kwenye mkahawa ulio mkabala na ofisi ya mabasi, Kilifi, begi miguuni. Alikuwa amekonda.

"Nina dakika ishirini," Kiprop akasema.

"Zatosha." Kadzo akakaa. "Nikicheka, mkojo unanitoka. Siku ile sokoni ulinitoka. Harusini ulikuwa waja, ndiyo nikakimbia. Kwenye simu pia ulinitoka, ila hukuniona. Sikukuonea aibu wewe, Kip. Nilijionea mimi."

Kiprop akafungua mdomo. Kadzo aliujua ule uso, ni uso wa mzaha unaokuja, na moyo ukamfa. Lakini Kiprop akaufunga mdomo. Akainamisha kichwa.

"Na mimi nikakufuata mpaka mezani, nikapiga magoti," akasema. "Nilidhani nakubembeleza."

"Hukujua."

"Sikuuliza. Nilichouliza ni kama unaniona mshamba. Naona aibu, Kadzo. Kweli naona aibu." Akainua kichwa. "Inapona?"

"Imepungua. Labda haitakwisha yote."

"Basi tutanunua leso."

"Tutanunua? Wewe na nani?"

"Mimi na mke wangu, akikubali. Lakini kwa mama yako nitaanza na mbuzi. Nikifika Ganze na dazeni za leso, watauliza bei."

Kadzo akacheka. Kicheko kilimjia hakijabisha hodi. Akakaza kama alivyofunzwa, akashikilia, na sehemu kubwa ikashikika. Kidogo kikaponyoka. Ng'ambo ya barabara basi lilipiga honi, abiria wakaanza kupanda.

Kiprop hakugeuka kulitazama; alimtazama yeye usoni. "Imetoka?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kidogo."

"Tutoke hapa?"

Mkahawa ulikuwa umejaa watu wa saa sita, na leso ilikuwa mkobani. Kadzo akausukuma mkoba kando.

"Tukae," akasema. "Niagizie chai."