Aliyepokea Usukani

Ukitaka kubisha kwamba majini hayapandi yoti, ngoja kwanza nimalize, ndipo ubishe.

Yoti yenyewe ilikuwa ya tajiri mmoja aliyependa bahari kwa macho tu. Akikanyaga chombo, anatapika. Kwa hiyo alitafuta watu wa kumvushia yoti hiyo mpaka upande wa pili wa bahari kuu, safari ya siku ishirini kwa matanga. Nahodha alikuwa mwanamke, mtu wa maneno machache. Mumewe alikuwa fundi mitambo, na hata mkewe alimwita Fundi. Wa tatu alikuwa mdogo wake Fundi, mpishi, mwembamba mpaka wakambandika jina la Kijiko. Nyumbani wenye ndoa walimwacha binti yao wa miaka tisa pamoja na bibi yake, na kila mmoja alikuwa akihesabu siku za kurudi kwa mtoto huyo.

Walishika usukani kwa zamu. Sheria ya Nahodha ilikuwa moja: usiachie mpaka mwenzako atamke kwamba amepokea.

Siku ya kumi, saa saba mchana, jua likiwaka na maji yametulia, Fundi alikuwa zamuni. Kichwa alikiinamisha, anasikiliza mlio fulani wa injini uliokuwa ukimkera tangu asubuhi. Akasikia nyayo za mtu pekupeku nyuma yake. Hakuinua hata jicho.

"Pokea," alisema.

"Nimepokea."

Akashuka chini anajifuta mikono. Akamkuta mkewe amelala fofofo, na Kijiko anamenya viazi. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Jamani," alinong'ona, "juu yuko nani?"

Walipanda wote watatu. Hapakuwa na mtu. Usukani ulikuwa ukicheza polepole, kidogo kulia, kidogo kushoto, kama unavyochezeshwa na mtu anayejua kazi, na hewani kulikuwa na harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, wakati nchi kavu waliiacha siku kumi nyuma. Yoti ilikuwa imegeuka. Ilikuwa inakimbilia kusini, kule ambako meli hazipiti.

Fundi aliukamata usukani akautikisa. Haukusogea hata unywele. Akafungua mitambo yake yote, akapaka grisi, akatukana, akafunga tena. Haikuwa na ubovu wowote. Wakateremsha matanga, na kila walipogeuza migongo wakayasikia yakipanda yenyewe. Hivyo kwa siku mbili. Nahodha alipima maji ya kunywa akasema yanatosha siku nane, tisa kwa kujibana. Kijiko, ambaye kwa kawaida hafungi mdomo, alipika akiwa ameegemeza mgongo ukutani na hakutania mtu.

Mwisho wakampigia shangazi yake Fundi kwa simu ya setilaiti. Shangazi huyo aliwatibu watu wenye mashetani, na Fundi alikuwa akimcheka kwa miaka. Siku hiyo hakucheka. Shangazi aliuliza swali moja tu.

"Jini limewaibia usukani, au mmelikabidhi wenyewe?"

Fundi akakiri kwamba ni yeye. Shangazi akashusha pumzi. Akaeleza kuwa aliyelikabidhi ndiye aende kuomba arudishiwe usukani, kwa adabu, na akishapokea asiachie wala asisinzie mpaka nanga iume chini. Akisinzia, litamchukua yeye.

Bandari ya karibu ilikuwa siku tano. Nahodha alisema atapokea yeye, ndiye mwenye dhamana ya chombo.

"Kosa ni langu, mke wangu," Fundi alimjibu. "Ukifa kwa ajili yangu, yule mtoto nitamtazama kwa macho gani?"

Akaenda, akasimama mbele ya usukani uliokuwa unajizungusha, akaomba kwa sauti ya mtu aliyekwenda kuposa, na usukani ukalegea mikononi mwake, ukiwa wa baridi kama umetolewa kisimani, huku ile harufu ya udongo ikimpanda puani na kumshukia kooni mpaka akakohoa.

Siku ya kwanza na ya pili walimmwagia maji ya chumvi, wakamnywesha kahawa, Kijiko akampiga makofi na kumsimulia vichekesho vya aibu. Siku ya tatu Fundi alilia kama mtoto, anaomba dakika moja tu. Mkewe alimkatalia, naye analia.

Siku ya nne alfajiri akatulia. Macho yakawa makavu, sauti ikashuka. Nahodha alifurahi, akajua amelivuka lile gumu. Wakakaa wawili, na mume akawa anamuuliza mambo ya nyumbani, moja baada ya jingine, nyumba iko mtaa gani, mlango una rangi gani, mtoto analala chumba kipi. Mke akamtania, kwani umesahau kwako? Akasema usingizi umemfuta kichwa. Basi mke akamweleza yote, taratibu, kwa mapenzi, ili asisinzie, mpaka akamwambia na lile jina ambalo mtoto akiitwa hufungua mlango bila kuuliza nani: Kipepeo.

Jioni ya siku ya tano nanga iliuma. Nahodha alimshika mumewe bega, akamwambia wamefika, aachie. Hakuachia. Vidole vilikuwa vimekakamaa, na daktari wa bandari alipoletwa ilibidi avibandue kimoja kimoja. Akasema mtu huyu amekufa yapata siku mbili sasa.

Kijiko alibisha kwamba asubuhi hiyo hiyo alimpa uji, akamjibu ahsante. Daktari alimtazama kwa huruma, akasema poleni sana.

Nahodha hakusubiri wamalize. Alichukua simu apige nyumbani, akakosea namba mara mbili. Aliyepokea alikuwa mtoto, anaongea kwa sauti ya chini.

"Mama, Baba ameshafika. Aliniita Kipepeo, nikafungua. Sasa amesimama mlangoni mwa chumba changu. Namwita Bibi haitiki, nataka nimwendee, lakini Baba hanipishi."