Plaketi ya Rheina Niliyohamisha kwa Mikono Yangu

Niko na miaka makumi saba na ine. Nimezaa tisa, nimezika wawili, wajukuu siwahesabu tena. Masomo yangu ilikomea mwaka wa tatu wa primere. Baba alisema musichana akijua kusali inatosha. Lakini musinicheke. Wakati wa Zaïre, katika Kadutu yote, mutaa wetu, hakuna mutu aliyejua marki, zile aina na majina, za mashini za kuandika kunishinda. Nasema hivyo kwa kiburi... na kile kiburi ndicho kiliniletea damu nyumbani.

Bwana wangu, Cirhuza, alikuwa fundi wa zile mashini. Maparokia, mashule, mabiro, yaani ofisi za migodi huko Kamituga, wote walimuletea. Yeye alikaa ndani na turnavisi yake, ile bisibisi, mimi nilikaa ku mulango na kuuza zile zilizokwisha kutumika. Kuandika sikujua. Lakini nilifunga macho, nikapiga vibonye, nikasukuma ile sehemu ya juu iende na irudi mara tatu, nikasikiliza. Rheina ya Wajerumani ilikuwa chuma tupu: inaanguka ku ngazi, unaiokota, unaendelea na barua. Balmat ilikuwa laini ku vidole, lakini baridi ya ziwa iliitia kutu. Zita, ile ya plastiki, ilikuwa nzuri siku unaileta nyumbani, basi.

Watu walitoka Nyangezi kwa miguu kuniuliza tu: “Maman, nikamate gani?” Waliniita Maman Rheina. Nani hapendi kuitwa hivyo?

Basi, juma moja Rheina zikaisha. Ilibaki moja iliyokufa kabisa, na pembeni yake mashini moja nyeusi isiyo na jina. Cirhuza alikuwa ameniambia: “Hii usiuze. Ile mikono inayobeba herufi iko chuma ya sufuria.” Kisha akaenda ku kilio huko Walungu.

Siku ile ile akafika ajida mumoja, askari mwenye cheo, wa kambi ya jeshi ya huko chini ku Ruzizi. Alitaka Rheina kwa biro ya komanda wake, na si kitu kingine.

Ningesema hakuna, angevuka barabara kwa Maman Nabintu, naye aliuza mashini, naye alikuwa ananingojea nianguke. Maman Rheina hana Rheina... angeniimba soko nzima. Nikamwambia ajida arudi mchana. Nikafungua visi mbili, zile skrubu ndogo, za ile Rheina iliyokufa, nikang’oa plaketi yenye jina, nikaifunga ku ile nyeusi. Nikaisugua na siraji ya viatu mpaka ikang’aa. Halafu nikaisikiliza. Ndiyo, niliisikiliza.

“Citoyenne, haitanipatisha haya?” ajida akauliza. Citoyenne, mwananchi, ndivyo wanawake tuliitwa wakati ule.

“Ajida, hii itakuzika wewe, na wajukuu wako wataiandikia.”

Tukacheka wote wawili, akalipa, akaibeba.

Cirhuza akarudi toka kilio, juma mbili zikapita. Jumapili, tumetoka misa, gari ya jeshi, jipu, ikasimama mbele ya mulango. Ajida akashuka na askari wawili. Uso wake ulikuwa umevimba. Mashini ilikuwa imekatika herufi moja nyuma ya ingine, wakati ya kuandika raporo, taarifa ya kumupa mukubwa aliyekuwa anangojewa kambini. Komanda alimulaza chini ajida, akamuchapa fimbo hata usoni mbele ya wale askari aliokuwa anaamuru.

Akaitupa mashini ku meza.

“Nani fundi hapa?”

Cirhuza akatoka ndani. Akaigeuza mashini, akaona plaketi, akaona zile visi mbili. Akaniangalia mara moja tu.

“Ni mimi, ajida. Nimekosa.”

Walimupiga kitako cha bunduki mudomoni, meno ikaanguka juu ya vibonye. Askari wawili wakanyoosha mukono wake wa kuume ku meza. Ajida akainua mashini juu ya kichwa, akaishusha. Akaiinua tena. Mie niliyejua sauti ya kila chuma... ile sauti ya mifupa sijawahi kuisahau.

Hapo ndipo mudomo wangu ulifunguka. “Ni mie! Plaketi niliihamisha mie, muache yeye!”

Ajida akacheka. “Mwanamuke anajua nini ya mashini?” Akanipiga mukanda wake usoni, jicho langu la kushoto linaona ukungu mpaka leo. Kisha akawaambia askari: “Leteni na ule mukono mwingine.”

Hospitali walikata vidole saba. Cirhuza hakunigombeza hata siku moja. Majirani wakiuliza, alijibu: “Askari ni askari.” Lakini asubuhi moja, ninamulisha uji, akaniuliza pole pole:

“Ile mashini, uliisikiliza mbele ya kuuza?”

“Niliisikiliza.”

“Ulisikia nini?”

“Nilisikia iko mubaya.”

Akafungua mudomo, nikaweka kijiko. Hakuuliza tena.

Wana wangu, leo munauza zile ordinateri, kompyuta za kuweka ku mapaja, na naona munavyoapa kwa marki ambazo munajua ziko za bure. Nawasihi. Mutu akikuuliza gani haiharibike, mwambie ulichosikia wewe mwenyewe. Hujui? Sema sijui. Akikuacha na kuvuka barabara, muache avuke. Mie niliogopa kuchekwa siku moja, na nilimulisha mwanaume kwa kijiko miaka kumi na moja, mpaka siku nilimufunga macho.