Dereva Hashuki Garini

Ijumaa, saa tisa alasiri. Etobicoke, Toronto.

Jalaludin aliupanga mji mzima juu ya gunia la mchele. Kiberiti: uwanja wa ndege. Kopo la bizari: kanisa. Kipande cha kamba: barabara. Pilipili moja kavu: mtu mwenyewe.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka lake la vyakula, chini ya maghorofa. Friza la nyama ya mbuzi lilikuwa likikoroma pembeni. Watu watatu tu. Jalaludin, mkubwa wao, ndevu za hina, sauti ya mtu anayeongoza dua. Wamaitha wa Nakuru, ambaye angeweza kumuuzia samaki koti la mvua. Na Aliakbar, dereva, aliyekuwa na kitu kimoja ambacho wenzake hawakuwa nacho: jina safi.

"Anaitwa Dilawar." Jalaludin aliigusa pilipili. "Anamfanyia kazi sonara mmoja wa hapa. Hubeba tanzanaiti mbichi, huzipeleka Romania kuchongwa. Hapa Toronto analindwa kama bwana harusi. Kule anashuka kwenye kijiuwanja cha Bacău na begi begani, anangoja gari kama mwanafunzi."

"Bacău ndiyo wapi, Anko?"

"Ndipo utakapokodi gari."

"Kwa jina langu?"

"Mimi nina kesi. Wamaitha ana majina matatu, yote yanatafutwa. Wewe una leseni isiyo na doa. Hongera."

Wamaitha alicheka. "Buda, wewe ndio malaika wetu."

Aliakbar hakucheka. "Jumatatu, si hii, ile inayofuata, lazima niwe nimerudi. Mama anapasuliwa jicho. Hana mwingine wa kumpeleka."

Hilo wote walilijua. Jicho la kushoto la Bi Kanizfatema lilikuwa limeshazimika. La kulia ndilo lililokuwa likingoja kisu. Na Thornhill alikoishi mama, mtu asiye na gari ni sawa na mtu asiye na miguu.

"Jumapili utakuwa unakunywa chai kwake," Jalaludin alisema. "Atakufunga zamin?"

"Lazima."

Ndiyo desturi yao. Msafiri hufungwa sarafu mkononi, ndani ya kitambaa cha kijani, awe chini ya dhamana ya Imamu. Akifika salama, humpa maskini.

"Basi ukifika usiitoe. Safari haijaisha mpaka kazi iishe. Kazi ikiisha, itoe hapohapo."

Aliakbar aliguswa. Kumbe jambazi naye ana dini. Wamaitha aliacha kucheka, akaanza kuokota punje za mchele sakafuni kana kwamba ameajiriwa kuziokota.

Jumanne, saa nne asubuhi. Bacău.

Binti wa kukodisha magari alitazama leseni, akamtazama Aliakbar, akatazama leseni tena.

"Mnakwenda wapi? Milimani?"

"Hapahapa. Tunatembea mjini."

Binti aliguna. Watu wote waliokodi gari kwake walikodi ili wauhame mji, si ili wautazame. Akamkabidhi ufunguo kwa huruma. Dacia nyeupe, usukani mgumu, ndani inanuka sabuni.

Wakautembea. Uwanja wa ndege ulikuwa umeung'ang'ania mji kama kupe. Ukifumba jicho, umeshaingia katikati. Waliuona mnara wa kale wa watawala, na kanisa lake la mawe. Waliuona mto Bistrița, wazee wakivua wasichokipata. Maghorofa ya kijivu yenye nguo zinazoning'inia: Etobicoke tupu, isipokuwa kwamba hapa korongo walijenga viota juu ya nguzo za umeme na hakuna aliyewafukuza. Nje kidogo ya mji, mkokoteni wa farasi ulilipita gari lao. Jalaludin alikuwa akihesabu njia za kutokea. Aliakbar alikuwa akipenda mji, jambo ambalo mwizi hashauriwi.

Mchana mwanamke wa hotelini aliwaletea bonge la manjano kwenye sahani.

"Hii si ni ugali?" Wamaitha aliumega kwa vidole, akaonja, macho yakamtoka. "Ni ugali! Watu wametuibia, na sisi ndio tunaitwa wezi!"

Hata Jalaludin alicheka. Kwa dakika hiyo walifanana na familia iliyopotea njia.

Jalaludin alipokwenda kunawa, Wamaitha aliinama mezani. Kicheko kilikuwa kimeisha.

"Ali. Dereva hashuki garini. Umenisikia? Mvua inyeshe, mtu akuite, mama yako mwenyewe asimame barabarani. Hushuki."

"Kwani kuna nini, dada?"

"Hakuna. Kula ugali."

Alhamisi, saa tano na nusu asubuhi.

Dilawar alitoka uwanjani akitweta, mnene, tai imekwenda upande. Wamaitha, nywele za bandia kichwani, alimwinulia karatasi yenye jina lake. Karakana ya vito imetuma gari, bwana, karibu, alisema kwa Kiingereza. Dilawar akaingia nyuma. Begi akalipakata kama mtoto mchanga.

Barabara ilikuwa mbovu. Gurudumu likazama.

"Shimo jingine tena, pumbavu," Aliakbar alinong'ona.

Kiti cha nyuma kikalipuka kwa furaha. "Alaa! Kiswahili! Nyie wa nyumbani! Mimi wa Mwanza! Kijana, wewe wa wapi?"

"Mama ni wa Tanga," ulimi wa Aliakbar ulijibu kabla kichwa hakijaulizwa. Adabu ya kulelewa.

Wamaitha alimfinya pajani hadi akakaribia kuacha njia.

Penye msalaba wa mbao kando ya shamba la alizeti, Jalaludin alikuwa akingoja. Kinyago usoni. Bastola. Alifungua mlango, akaonyesha begi, akaonyesha shamba. Dilawar alishuka, bila simu, bila viatu. Hakuitazama bastola. Alimtazama Aliakbar.

"Mtoto wa Tanga," alisema taratibu. "Haya kweli?"

Gari likaondoka.

Saa sita na robo.

Begi lilikuwa mapajani mwa Jalaludin, kiti cha mbele, kinyago kimevuliwa. Mpango: magharibi hadi milimani, kila mtu na ndege yake. Aliakbar aliendesha huku jasho likimwingia machoni. Haya kweli? Sauti ile haikushuka garini na mwenyewe.

"Amekusikia," Jalaludin alisema. "Ameiona sura yako."

"Najua, Anko."

"Usijali. Kazi imekwisha." Akanyoosha kidole. "Simama pale."

Mbele yao, kando ya barabara, bibi kizee mwenye kilemba cheusi alikuwa ameketi kwenye kigoda na ndoo ya cheri za kuuza.

"Toa zamin ya mama yako. Ukichelewesha unataka balaa."

"Hatuna muda," Wamaitha alisema kutoka nyuma. Kwa ukali.

"Mambo ya Imamu hayangojeshwi. Au unataka jicho la mama yake lidhurike?"

Aliakbar alimtazama Wamaitha kwenye kioo. Wamaitha alimtazama yeye, akatikisa kichwa, kidogo mno, mara moja. Dereva hashuki garini. Alilikumbuka kila neno. Lakini alikumbuka pia vidole vya mama yake vikipapasa kitambaa, akifunga fundo bila kuliona.

Akasimama. Akashuka. Injini aliiacha ikinguruma.

Alifungua fundo kwa meno. Sarafu ya dola mbili, bado ina joto la mkono wake. Bibi aliipokea, akaigeuza, akasema kitu kirefu chenye baraka ndani yake.

Nyuma yake mlango ulibamizwa.

Hakukimbia. Jalaludin alikuwa ameshahamia kwenye usukani, changarawe zikiruka. Dirisha la nyuma likashuka. Mkono wa Wamaitha ukatupa kitu nyasini. Simu ya Aliakbar. Ndiyo huruma yote waliyobaki nayo. Kisha vumbi.

Alijipapasa mifuko. Hati ya kukodi gari. Jina safi, limeandikwa vizuri, herufi kubwa.

Kushoto alizeti, kulia alizeti. Katika wilaya nzima hakukuwa na mtu mwingine wa rangi yake, ila Dilawar, na Dilawar alikuwa pekupeku barabarani akisimamisha malori.

Simu ikalia. Thornhill kulikuwa kunapambazuka.

"Ali? Ndio nimemaliza kuswali. Umeshatoa zamin?"

"Nimetoa, Mama."

"Umempa nani?"

"Bibi mmoja. Anauza matunda."

"Alhamdulillahi." Alipumua kama aliyetuliwa mzigo. "Basi umefika. Jumatatu nitakuwa mlangoni mapema, nimeshavaa koti. Usipige honi, majirani wanalalamika. Nitakutambua kwa mlio wa gari."

Mbali, upande wa mjini, king'ora kilianza. Bibi alijisogeza, akampisha nafasi kwenye kivuli, akamwekea cheri kiganjani.

"Ali? Nani analia huko?"

"Gari tu, Mama."

"Lako?"

Alilitazama likija, taa za buluu zikiwaka mchana kweupe.

"Ndiyo," alisema. "Langu."